Nani Huachwa Kituoni? Mabasi ya Dar es Salaam tangu DMT hadi Mwendokasi

Yeyote aliyewahi kukaa Dar es Salaam, awe alikwenda kwa mafunzo, kwa biashara au kumtembelea jamaa, atakuwa ameiona picha hii. Ni saa kumi na mbili asubuhi, penye kituo cha Manzese, cha Tandika au cha Mwenge. Watu wamejipanga pembezoni mwa barabara, na miongoni mwao wamo watoto wa shule, mashati meupe, kaptura na sketi za buluu, mikoba mgongoni. Basi linakuja huku kondakta ananing'inia mlangoni, akiliita jina la mwisho wa safari kwa sauti iliyokwisha kukauka. Watu wazima wanaingia. Watoto wanaposogea, mkono wa kondakta unauziba mlango: "Wanafunzi wawili tu!" Wawili wanaingia, wengine wote wanabaki, kondakta anagonga bati mara mbili na basi linaondoka.

Wengi wanaoiona picha hiyo humlaumu kondakta kwa roho mbaya. Wengine huwalaumu watoto kwa utundu, ati husukumana na kuwachafulia abiria nguo. Sisi tumeona ni vyema tuifuate historia ya mabasi ya mji huo tangu mwanzo wake, kwani ukiitazama kwa makini utaona kwamba mtoto hakuachwa kituoni kwa sababu moja nyakati zote. Kuna wakati aliachwa kwa kuwa basi halikuja kabisa. Kuna wakati basi lilikuja likamkataa. Na sababu ya kukataliwa haikukaa moyoni mwa kondakta, bali katika namna nauli inavyokusanywa, na katika swali la nani anayeihesabu jioni.

MJI WA WAENDA KWA MIGUU

Dar es Salaam ya wakati wa Waingereza ilikuwa mji mdogo. Bandari, ofisi za serikali na nyumba za wakubwa zilikuwa upande wa bahari. Maduka ya Wahindi yalifuata. Na Waafrika waliishi nyuma yao, Kariakoo na Ilala, na baadaye Magomeni na Temeke. Askari watapenda kukumbuka kwamba jina Kariakoo ni la kijeshi. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walipouteka mji kutoka kwa Wajerumani, waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, waliojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Soko kubwa kuliko yote nchini Tanzania limerithi jina la watu waliobeba mizigo ya vita vichwani.

Mtu wa Kariakoo aliweza kwenda kazini kwa miguu. Mtu wa mbali zaidi alitembea zaidi. Husimuliwa mara nyingi jinsi Mwalimu Julius Nyerere, alipokuwa akifundisha shule ya Pugu katika miaka ya 1950, alivyokuwa akitoka huko kwa miguu kuja mjini kwenye mikutano ya chama, na kurudi kwa miguu. Asiyeijua Pugu na aangalie ramani, aone ilivyo ng'ambo hata ya uwanja wa ndege.

Mabasi ya kampuni yalianza kutumika kwa utaratibu mwishoni mwa miaka ya 1940, chini ya kampuni ya Waingereza iliyoitwa Dar es Salaam Motor Transport, au kwa kifupi DMT. Kampuni hiyo ilikuwa na haki ya kubeba abiria wa mjini, na ilifanya hivyo kwa faida yake. Njia zake zilifuata barabara kuu zinazotoka katikati ya mji kama vidole vya mkono: ile ya Bagamoyo kuelekea kaskazini, ya Morogoro kuelekea magharibi, ya Pugu ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere, na ya Kilwa kuelekea kusini. Tunaomba msomaji aukumbuke mkono huo, kwa sababu umbo lake halijabadilika, na taabu nyingi za usafiri wa mji zimetokana nao. Kila kidole kinakwenda peke yake, na vyote vinakutana katika kiganja kimoja chembamba kando ya bahari. Asubuhi kila mtu anataka kuingia kiganjani. Jioni kila mtu anataka kutoka.

SHIRIKA LA UMMA

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ya Tanzania ilianza kuzitwaa njia kuu za uchumi. Zamu ya DMT ilifika mwaka 1970. Mwaka 1974 kampuni hiyo iligawanywa mara mbili. Safari za mikoani zikakabidhiwa Kampuni ya Mabasi ya Taifa, ambayo kifupi chake, KAMATA, kiliwafurahisha wasafiri waliojua maana ya neno hilo. Safari za mjini zikakabidhiwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA.

UDA ya miaka yake ya kwanza bado inakumbukwa kwa mapenzi na wazee wa mji. Kondakta alikuwa mwajiriwa wa shirika la umma. Alikata tiketi, alikusanya nauli, akaikabidhi ofisini, na mwisho wa mwezi alipokea mshahara wake, basi liwe lilijaa au liwe lilikwenda tupu. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo kiini cha makala yetu. Mtoto wa shule aliyelipa nauli pungufu hakumpunguzia kondakta huyo hata senti moja. Hakuwa na sababu ya kumzibia mlango.

Mabasi yaliyokumbukwa zaidi ni yale marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye mabehewa mawili yaliyounganishwa katikati kwa mpira uliokunjamana kama kinanda cha mkono. Watu waliyapa jina la Ikarus kumbakumba, kwa kuwa yalikumba kila aliyekuwapo kituoni. Watoto waligombea kusimama pale katikati penye kiungo, ili basi lilipokata kona wazunguke nalo.

Lakini mji ulikuwa ukikua upesi kuliko shirika. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta watu 272,821. Ile ya mwaka 1978 ikakuta 843,090. Yaani katika miaka kumi na mmoja idadi ilizidi mara tatu, na wageni wengi walijenga mbali, huko ambako basi lilifika kwa shida na barabara ilikuwa mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Wakati huohuo bei ya mafuta ilipanda tangu mwaka 1973. Vipuri vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Kisha vikaja vita vya mwaka 1978 na 1979, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera. Vita ambavyo sisi huku Uganda hatuhitaji kusimuliwa. Magari mengi ya mashirika na ya watu binafsi nchini Tanzania yalichukuliwa kubeba askari na vifaa hadi mpakani na kuvuka, na hazina iliyobaki baada ya vita ilikuwa nyembamba. Askari aliyepanda lori kwenda vitani huenda hakufahamu kwamba mkewe, aliyebaki Dar es Salaam, alikuwa akisimama kituoni saa mbili kungoja basi lililolazwa karakana kwa kukosa kipuri.

Nauli nayo ilipangwa na serikali, na ilipangwa chini ili mfanyakazi wa kima cha chini aimudu. Nia hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo shirika linalouza huduma kwa bei isiyolipia gharama hapana budi lipewe fidia na hazina, na hazina haikuwa nayo. Basi likaharibika, likasukumwa pembeni, likachukuliwa taa, kisha betri, kisha magurudumu, ili yale mengine yaweze kutembea. Kwa hiyo UDA ilikuwa na kondakta asiyemkataa mtoto, lakini haikuwa na basi la kumbeba.

CHAI MAHARAGE

Penye uhitaji mwingi hapakosi mtu wa kuutumia. Katika miaka hiyo ya taabu yalizuka magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria bila kibali. Mengi yalikuwa magari madogo ya mizigo yaliyowekewa mabenchi mawili, abiria wakikaa magoti kwa magoti, wametazamana kama watu waliozunguka chai na sahani ya maharage. Wenyeji, ambao kwa majina hawana mpinzani, wakayaita chai maharage. Yalikuwa kinyume cha sheria, na polisi walikuwa na wajibu wa kuyakamata. Tunawaachia wasomaji wetu wa polisi wafikirie wenyewe ugumu wa wajibu huo, kwa maana askari naye alihitaji kufika kituo chake cha kazi kabla ya gwaride, na siku nyingine hakukuwa na chombo kingine.

Mwaka 1983 serikali ilikubali yaliyokuwapo. Ni ajabu kidogo, kwa sababu mwaka huohuo ndio uliokuwa na msako mkubwa wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na wafanyabiashara wengi walikuwa wakitiwa mbaroni. Lakini katika usafiri wa mjini mlango ulifunguliwa: watu binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam. Nauli yao ilikuwa shilingi tano, na kwa kuwa sarafu ya shilingi tano iliitwa dala kwa lugha ya mitaani, makondakta walisimama wakipiga kelele "Dala! Dala!" Jina likashika. Nauli imepanda mara nyingi tangu hapo, sarafu ile haina tena maana, lakini daladala ni daladala hata leo.

UDA ilizidi kusinyaa. Kufikia miaka ya 1990 sehemu kubwa ya abiria wa mji ilikuwa mikononi mwa maelfu ya mabasi madogo ya watu binafsi, kuanzia Toyota Hiace, zilizobatizwa vipanya kwa udogo wake, hadi mabasi ya ukubwa wa wastani. Serikali iliweka taratibu juu yake: kila njia ikapewa ufito wa rangi yake ubavuni mwa basi, ili hata asiyejua kusoma aweze kulitambua gari lake kwa mbali. Tangu mwaka 2004 usimamizi ulikuwa wa SUMATRA, na tangu mwaka 2019 ni wa LATRA. Mwaka 2011 hisa za UDA zikauzwa kwa kampuni binafsi, jambo lililoleta mabishano makali hata ndani ya Bunge.

HESABU YA JIONI

Sasa tumefika penye fundo. Mwenye daladala kwa kawaida hakai garini. Humkabidhi dereva asubuhi, na dereva anapaswa kumrudishia jioni kiasi maalumu cha fedha, kinachoitwa hesabu. Mafuta ni juu ya dereva. Faini za barabarani, aghalabu, ni juu ya dereva. Kinachobaki baada ya hayo yote, kama kipo, hugawanywa kati ya dereva na kondakta, na hapo mpiga debe aliyeita abiria kituoni naye amekwisha kupewa chake. Wengi wao hawana mkataba wa maandishi. Akiugua, nafasi yake huchukuliwa na deiwaka, yaani kibarua wa siku, na akipona huenda akakuta nafasi haipo tena. Katika miaka ya 1990 walijaribu kujiunga wawe na chama chao cha kutetea haki hizo, na kudai mikataba kumekuwa wimbo wao tangu hapo.

Msomaji wa Kampala atatambua kwamba utaratibu huu ni ndugu wa tumbo moja na ule wa teksi zetu za viti 14.

Tumweke basi mwanafunzi katika hesabu hiyo. Kwa amri ya serikali, mwanafunzi hulipa nusu ya nauli ya mtu mzima au pungufu ya nusu. Serikali ndiyo iliyotoa msamaha huo, na ni msamaha wa haki, kwani elimu ya mtoto ni mali ya taifa. Lakini nani aliyeulipia? Hazina haikumfidia mwenye gari. Mwenye gari hakupunguza hesabu yake. Kwa hiyo msamaha wote uliangukia mifuko miwili iliyo mitupu kuliko yote katika safari ile, wa dereva na wa kondakta. Kila mtoto aliyekaa penye kiti cha mtu mzima aliwapunguzia chakula cha jioni. Hapo ndipo ilipozaliwa kauli ya "wawili tu", na hapo ndipo dereva alipojifunza kulisimamisha basi mbele kidogo ya kituo, ili watu wazima wenye miguu mirefu wafike kwanza.

Hatusemi haya ili kuwatetea. Mtoto aliyesukumwa na kuanguka penye mlango wa gari hana haja ya kuelezwa uchumi. Twasema kwa sababu adhabu peke yake haijaweza kulimaliza jambo hili. Kondakta aliyetozwa faini leo kwa kumkataa mwanafunzi, kesho ana hesabu ileile ya kurudisha na faini ya kufidia, na wa kwanza kuachwa tena ni mwanafunzi.

Taabu hiyo ilizidi baada ya mwaka 2006, shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi nchini. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, maana watoto ambao wasingalipata nafasi waliipata. Lakini katika mji mkubwa, mtoto wa kusini aliweza kupangiwa shule ya magharibi, na kwa kuwa vidole vyetu vile havigusani ila kiganjani, alilazimika kupanda basi la kwanza hadi katikati ya mji na la pili kutoka hapo. Mabasi mawili ni milango miwili ya kukataliwa kwenda, na miwili kurudi. Tena kuna ile desturi mbaya ya kukatisha njia, ambapo dereva akiona abiria wamepungua hugeuza kabla ya mwisho wa safari. Mtu mzima hulalamika akatafuta basi lingine; mtoto aliyekuwa na nauli kamili ya safari moja hubaki hapo alipoteremshwa.

YANAYOIPATA NYUMBA

Mama wa nyumbani ndiye anayeijua gharama ya kweli ya haya. Yeye huamka saa kumi alfajiri ili mtoto atoke saa kumi na moja, kwa kuwa mtoto akichelewa kutoka atakutana na umati wa wafanyakazi, na penye umati yeye ndiye wa mwisho. Mtoto hufika shuleni akiwa na usingizi. Shule humalizika alasiri, lakini mtoto huingia nyumbani giza limekwisha kutanda. Chakula kimepoa, mafunzo ya nyumbani hayajaguswa, na saa kumi ya alfajiri inamngoja.

Kwa binti kuna hatari zaidi, nayo ni lazima tuiseme waziwazi kwenye ukurasa huu unaosomwa na wazazi. Msichana aliyekwisha kukataliwa na mabasi matatu, jua likizama, ni rahisi kumkubali mtu mwenye gari anayejitolea kumpa lifti, au kondakta anayemwambia kwamba yeye atapata kiti kila siku bila kulipa. Wema wa namna hiyo mara nyingi hudai malipo mwishowe. Wako wasichana walioacha shule kwa ujauzito ulioanzia kituoni. Mzazi anayefikiri kwamba usafiri ni jambo la wanaume wa barabarani, na si la nyumbani, na amwulize bintiye jana alirudi kwa chombo gani.

Familia za askari zinalijua jambo hili kwa namna yake. Uhamisho huja katikati ya mwaka, mtoto hubaki na shule ya zamani hadi nafasi ipatikane, na kutoka kambini hadi shuleni panakuwa na safari ndefu ambayo hapo awali haikuwapo.

MWENDOKASI

Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali ilijaribu reli: treni ya abiria ikaanza kubeba watu wa mjini asubuhi na jioni, na kwa kuwa Waziri wa Uchukuzi wakati huo alikuwa Harrison Mwakyembe, watu wakaiita treni ya Mwakyembe. Ilisaidia wale walioishi karibu na reli. Kazi kubwa zaidi ilikuwa ikiendelea kwenye Barabara ya Morogoro, ambako zilijengwa njia za katikati zisizoruhusiwa gari lingine ila basi. Wakala wa mradi huo, DART, uliundwa mwaka 2007. Mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016, na Rais John Magufuli akaufungua mradi rasmi tarehe 25 Januari 2017. Njia ya kwanza, pamoja na matawi yake, ina urefu wa takriban kilomita 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na ilianza na mabasi 140. Wenyeji walitoa jina mara moja: mwendokasi. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mji wa Afrika kuipata.

Safari ya Kimara hadi mjini, ambayo asubuhi iliweza kula saa mbili, ilishuka chini ya saa moja. Kituo kimeinuliwa kiasi cha kulingana na sakafu ya basi, kwa hiyo mzee mwenye fimbo, mama mjamzito na mlemavu wa kiti cha magurudumu huingia bila kupanda ngazi. Hilo peke yake lastahili sifa.

Lakini kwa habari yetu ya mtoto, kilicho muhimu ni dirisha dogo la tiketi. Abiria wa mwendokasi hulipa kabla ya kuingia kituoni, na basi linapofika hakuna tena anayedai nauli mlangoni. Katika nauli za kuanzia mwaka 2016, mtu mzima alilipa shilingi 650 kwa njia kuu na mwanafunzi shilingi 200. Watoto watatu kwa pamoja walilipa shilingi 600, pungufu ya mtu mzima mmoja. Katika daladala, tofauti hiyo ingalitosha kuwafungia mlango wote watatu. Katika mwendokasi dereva hajui nani kalipa nini, wala hajali, kwa kuwa fedha haipiti mkononi mwake. Yale ambayo faini na mahubiri ya miaka 30 hayakuweza kuyafanya, yalifanywa na dirisha lililohamishwa kutoka mlango wa basi hadi mlango wa kituo.

Tusidhani hata hivyo kwamba taabu ilikwisha. Daladala ziliondolewa kwenye Barabara ya Morogoro ili kuyapisha mabasi mapya, na mabasi mapya hayakutosha. Miaka ilivyopita mengine yaliharibika. Karakana yake ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo hata mtoto wa Magomeni angalikuambia kwamba maji hupita. Na kweli mafuriko yaliingia humo mara kadhaa yakaharibu mabasi, na mvua kubwa ikinyesha barabara yenyewe hufungwa hapo. Umati ukarudi. Watu walionekana wakiingia madirishani. Na mtoto, aliyekwisha kulipa shilingi zake na kuruhusiwa kituoni kama raia mwingine yeyote, akajikuta tena nyuma, safari hii si kwa mkono wa kondakta bali kwa viwiko vya watu wazima. Ni taabu ileile ya UDA iliyorudi kwa sura nyingine: hakuna anayemkataa, ila nafasi haipo.

Njia ya pili, ya Mbagala kwenye Barabara ya Kilwa, yenye urefu wa kilomita 20.3, ilianza kubeba abiria mwaka 2025. Mbagala ni miongoni mwa sehemu zenye watu wengi kuliko zote katika mji ambao hesabu ya mwaka 2022 iliukuta na watu 5,383,728, na kwa miaka mingi foleni ya Mbagala ilikuwa mithali. Ikiwa mabasi yatatoshelezwa huko na kutunzwa, watoto wengi wa kusini watakuwa wamefunguliwa mlango. Neno kubwa hapo ni kutunzwa. UDA nayo ilipozaliwa ilikuwa na mabasi mapya.

KWA WANAOSAFIRI

Msomaji atakayekwenda Dar es Salaam kwa basi ajue kwamba mabasi ya mikoani na ya nchi jirani hayateremshi tena Ubungo kama zamani. Tangu mwaka 2021 kituo kikuu ni cha Magufuli, kilichoko Mbezi, kwenye Barabara ya Morogoro. Kutoka hapo huchukuliwa basi hadi Kimara, ambako njia kuu ya mwendokasi inaanzia. Anayekwenda Kariakoo asipande basi la Kivukoni kwa haraka. Aulize kwanza, kwani matawi yanaachana. Aweke fedha ndogondogo tayari, mzigo aubebe mbele badala ya mgongoni, na akiwa na watoto awaingize wao kwanza kisha afuate nyuma yao, maana milango hufunga upesi. Kama safari yake haina haraka, asiingie kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, wala baada ya saa kumi jioni. Saa hizo ni za wafanyakazi na za wanafunzi, na nafasi moja anayoiacha mgeni huchukuliwa na mtoto aliyekuwa akiingojea.